Kocha na Mkeka wa Chanika

Kila kiti cha kocha wa timu ya taifa kinapobaki wazi, mgahawani kwangu maandazi huisha kabla jua halijakolea. Mimi si mtu wa mpira. Nina mgahawa Korogwe ya zamani, upande wa kuelekea mtoni, na mpira nimeusikia kwa lazima, kama aliyepanga karibu na mashine ya kusaga. Kocha wa kigeni akifukuzwa, siku hiyohiyo wateja wangu wote wanakuwa wajumbe wa shirikisho. Fundi baiskeli anamtaka Mzungu mwingine, muuza dagaa anamtaka mzawa, na kijana wa bodaboda ambaye hata drafti hajui kucheza anapanga kikosi mezani kwangu kwa kidole kilicholowa chai. Nawaambia wanywe, walipe, waondoke, maana timu wanayoipanga hainunui hata kitumbua.

Mmoja tu ndiye aliyekuwa hasemi. Alikaa karibu na mlango wa jikoni, amevaa suti ya michezo iliyopauka mabegani, akipuliza chai yake kama mtu anayefikiria jambo jingine. Sote tulimwita Kocha. Jina lake nalijua, lakini nikilitamka naona kama namzungumzia mtu mwingine. Alikuwa amefundisha timu za ligi huko Kanda ya Ziwa na Nyanda za Juu, akafundisha hata makocha wenzake, kisha akarudi kwetu nywele zimeshakuwa nyeupe. Safari hii ya mwisho kiti kilipobaki wazi, shirikisho lilisema linataka mzawa, na jina lake likatajwa redioni. Mgahawa mzima uligeuka kumtazama. Yeye akaomba sukari.

Alikitaka kile kiti. Sibahatishi, aliniambia mwenyewe wateja walipokuwa wameondoka. "Mama Mwajuma, mtu aliyefundisha mpira akikwambia hakitaki, huyo anakudanganya." Lakini kati yake na kiti hicho alikuwepo mama mmoja wa Chanika, kule Handeni, ambaye Kocha alikuwa hajawahi kukanyaga mlango wake. Bila radhi ya mama yule, alisema, hathubutu kukabidhiwa watoto wa watu. Na kwenda kuiomba hiyo radhi alikuwa anaogopa. Mwanamume mzima, aliyekuwa akikemea mabeki wenye shingo kama mihimili, anaiogopa Handeni, ambako mimi nakwenda kumsalimia shangazi na kurudi kabla ya magharibi! Nilimcheka. Wakati huo nilikuwa sijajua.

Alikuwa mtu wa misiba. Sijaona mtu aliyependa kuzika kama yule, kama kupenda ndilo neno lake. Afe Mwislamu, afe Mkristo, afe mlevi aliyeokotwa kando ya reli asiye na ndugu, Kocha alifika na kilo zake za unga na sukari, akashika jembe, akakaa mkekani na wanaume mpaka siku ya kuanua tanga. Kuna misiba ambayo wafiwa wenyewe walitangulia kuondoka wakamwacha yeye amekaa. Siku moja nilimtania: "Kocha, wewe unazika kama una cheo huko kaburini." Watu walicheka. Yeye akasema tu, "Kuna mmoja sikwenda." Nikadhani anazungumzia msiba wa mtu wa mbali, safari iliyomshinda, jambo la kawaida. Kila mtu ana msiba mmoja alioukosa.

Halafu yale magunia. Korogwe tumezungukwa na mkonge, na gunia la katani lililochakaa si kitu cha kumwomba mtu kwa unyenyekevu. Kocha aliyaokota, akayafua, akayakunja, akaenda nayo kwenye viwanja vya shule za msingi na kuyafunga kwa kamba kwenye nguzo za magoli, kuanzia chini mpaka usawa wa kichwa cha mtu mzima. Wanafunzi waliyafungua wakayafanya mikeka ya kulalia. Akayafunga tena. Mwalimu mkuu mmoja alimwita ofisini akamuuliza kama hiyo ni dawa, maana wazazi walikuwa wameanza kunong'ona. Kocha alimjibu kwamba uganga wameubeba wao vichwani mwao, yeye amebeba gunia. Aliutukana uganga kila alipopata nafasi, na kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya shangazi. Lakini nilimwona kwa macho yangu akivuka barabara, jua linawaka, ili asipite mbele ya nyumba ya mganga mmoja mzee ambaye hata macho yalikuwa yameshamwisha. Nilipomuuliza kwa nini, alisema upande ule kuna kivuli. Hakukuwa na kivuli.

Huko alikofundisha walimpa jina, Kocha Toa. Mchezaji wake akishika paja, anatolewa. Akishika kichwa, anatolewa kabla hajakiachia. Aliwahi kumtoa mfungaji wake bora katika mechi ya kuamua ubingwa kwa sababu kijana alikaa chini akafunga macho, na kumbe kijana alikuwa anasali. Walifungwa, mashabiki wakapiga basi lao mawe. Alinisimulia kisa hicho akicheka mpaka machozi yakamtoka, kisha kicheko kikaisha na machozi yakaendelea. Sikujua pa kuangalia. Nilichukua kikombe chake nikaenda kukiosha ingawa kilikuwa na chai nusu.

Mtu wa namna hiyo nilimwogopa kidogo, niseme ukweli. Siku timu ya taifa ilipocheza, niliwasha televisheni yangu ndogo na watu wakajaa mpaka dirishani. Mpira uko katikati ya uwanja, kipa wetu amesimama golini peke yake anarekebisha glovu. Kocha akainuka.

"Mtoeni huyo kipa."

"Kafanyaje, Kocha?" fundi baiskeli akauliza.

"Anaona mbilimbili. Mwangalieni anavyosimama."

Tukamwangalia. Kipa alikuwa mzima kama sisi. Kocha alibaki amesimama, mkono ameunyoosha kuelekea kioo. Aliyekuwa nyuma yake akasema asimzibie. Ndipo akaketi, akaomba radhi kwa kila mtu, mmoja mmoja, kwa sauti ndogo. Mimi nilisimama karibu naye na nikaona kwamba alikuwa hatazami kipa yule tuliyekuwa tunamtazama sisi. Mechi sikuiona tena.

Sasa nifike kwenye lile neno. Korogwe tuna msemo wetu: "Daka yote miwili." Mtu akilemewa na mambo mawili kwa mpigo, ada ya mtoto na paa linalovuja, wenzake wanamwambia hivyo, basi anacheka na kuendelea na shida zake. Hakuna aliyejua ulitoka wapi. Umeenea mpaka Segera kwa wauza machungwa, umefika hadi Handeni. Siku moja wateja wawili waliniita kwa pamoja, mmoja anataka supu, mwingine anadai chenji, nikasema kwa sauti, "Haya, Mama Mwajuma, daka yote miwili!" Kocha aliweka kikombe mezani, akatoka. Hakuonekana mgahawani mpaka mwezi mwingine ulipoandama. Nilifikiri chai yangu ndiyo iliyomkosea.

Aliporudi ilikuwa mchana wa mvua, mgahawa mtupu, maji yanamwagika barazani. Alikaa palepale pake akaniambia nikae. Akanisimulia, na mimi nitasimulia kama nilivyosikia.

Alikuwa bado kijana, anafundisha timu ya hapa Korogwe, na kipa wake alikuwa mvulana wa Chanika aliyekuja kusoma kwetu, mrefu, mpole, mtoto wa pekee wa mjane. Walikuwa na mechi na timu ya Tanga mjini, na atakayeshinda anapanda daraja. Sasa kila timu ina ile kamati yake ambayo hakuna timu inayokiri kuwa nayo, wanaiita kamati ya ufundi, na ufundi wake ni kwenda kwa mganga. Wazee wa kamati walirudi na dawa wakaipaka kwenye glovu za kipa. Sharti lilikuwa moja: aliyepakwa asitoke uwanjani mpaka filimbi ya mwisho. Akitoka, mambo yote yameharibika. Kocha alikuwa na cheti cha ualimu na aliwacheka wazee wale usoni. Hakuwa anaamini hata chembe.

Kipindi cha kwanza kijana aliruka kuufuata mpira wa kona, akagonga kichwa kwenye nguzo. Aliinuka. Wakati wa mapumziko alitapika nyuma ya mti, kisha akaja akasimama mbele ya mwalimu wake.

"Akaniambia, 'Kocha, naona mipira miwili,'" Kocha alisema. Mvua ilikuwa inapiga bati na ilibidi nimsogelee. "Kipa wa akiba alikuwa ameshavaa. Nikageuka nimwite. Wazee wa kamati wakaniangalia. Hawakusema kitu, Mama Mwajuma, waliniangalia tu. Na wachezaji nao wakaniangalia, maana wote walijua lile sharti. Nikaogopa tukifungwa wataniambia ni mimi. Basi nikafanya mzaha. Nikamwambia, 'Daka yote miwili.' Wakacheka wote. Na yeye akacheka, akarudi golini."

Alidondoka baada ya filimbi ya mwisho, wenzake wakiwa wamembeba begani. Hospitali hakufika akiwa hai. Timu nzima ilipakia gari kwenda Handeni kuzika, na Kocha alifika mpaka kwenye gari, akashika mlango, akashindwa kupanda. Aliwaambia anaumwa tumbo. Wiki ileile akahama Korogwe. Mzaha wake ukabaki, ukatembea mdomo kwa mdomo, mpaka ukawa msemo wa watu ambao hawakumjua kijana wala hawakuwa uwanjani.

Nilitaka kumwambia yaliyopita si ndwele. Lakini kuna mengine hayajapita.

Simu ya shirikisho ilikuja wiki ile majina yalipochujwa. Walimtaka Dar kwa usaili, na aliyempigia alimdokeza kwamba wajumbe wengi wako upande wake. Mgahawa ulishangilia, muuza dagaa akawanunulia watu chai, jambo ambalo halijawahi kutokea. Kocha alinifuata jikoni.

"Kwenu ni Handeni," akasema. "Nipeleke."

Tulikwenda asubuhi ya kesho yake. Tulipokaribia mji, Wamasai walikuwa wanavusha ng'ombe barabarani, gari likasimama, na nikamwona anashika kitasa cha mlango. Nikamwekea mkono begani. Ng'ombe wakaisha, tukaendelea. Magotini alikuwa amepakata unga na sukari.

Nyumba tulielekezwa kwa urahisi. Mama alikuwa mzee wa kutosha, kanga imefifia, anapepeta choroko mlangoni. Tuliitikiwa hodi, tukampa shikamoo, akaitikia bila haraka. Macho yake yalitua kwenye unga na sukari mikononi mwa Kocha, kisha yakapanda kwenye uso wake.

"Nani amekufa?" akauliza.

"Nimechelewa, mama," Kocha akasema. "Mimi ndiye niliyekuwa mwalimu wake wa mpira."

Mama aliweka ungo chini. Nilisikia kuku wa jirani, nikasikia redio ya mtu mbali. Halafu akaingia ndani akatoka na mkeka, akautandika nje, pale wanapokaa wanaume wakati wa msiba, akamwambia aketi. Jirani aliyekuwa anapita akauliza kuna nini, naye akamjibu, "Kuna mtu amekuja kuhani." Jirani alishangaa, lakini akavua viatu akaja kutoa pole, kama inavyopasa. Tukasoma Fatiha, mchana kweupe, kwa msiba wa zamani kuliko watoto waliokuwa wanachungulia pale.

Jirani alipoondoka, Kocha akasema amekuja kuomba radhi.

"Radhi ya mwanangu au radhi ya kazi? Redio na mimi ninayo."

"Sijui kuzitenganisha, mama."

"Wenzako waliniambia aligonga nguzo akafa. Nikasema ni amri ya Mungu. Lakini mtoto wangu alikuwa hanifichi kitu. Akiumwa husema. Alikwambia anaumwa?"

"Aliniambia."

"Alisemaje?"

Kocha akamwambia. Sharti la mganga, wazee wa kamati, kipa wa akiba aliyekuwa ameshavaa. Akafika kwenye mipira miwili, akasimama hapo. Mama akamngoja.

"Na wewe ukamjibu nini?"

Akamjibu kwa sauti ambayo nilitamani nisiwe karibu kuisikia. Vidole vya mama vilikuwa vinachambua choroko ambazo hazipo.

"Lile neno lilitoka hapo?" akauliza.

"Lilitoka hapo, mama."

"Mimi nalisema. Nalisema hapa nyumbani, mbuzi wakikata kamba. Wajukuu wa ndugu zangu nimewafundisha mimi." Akafunika uso kwa kanga. Kocha alianza kuinuka, nadhani alitaka kukimbia, mama akamwashiria akae, naye akakaa. Nililia mimi. Wao wawili hawakulia.

Alipofunua uso ulikuwa mkavu. "Nilikusamehe zamani bila kukujua," akasema. "Nilisema yeyote aliyekuwa naye siku ile, nimemsamehe, ili nipate usingizi. Sasa nimekujua, ni kazi nyingine, lakini nilishasema na sirudi nyuma. Radhi umepata. Kwa hiyo kazi nakupa neno moja. Huko Dar watakuuliza umefundisha wapi na umeshinda nini. Wewe wasimulie haya, kama ulivyonisimulia mimi, usipunguze. Wakiyasikia na bado wakakupa watoto wa wenzangu, wapokee."

Kocha alisema ndiyo, mama. Tulikaa mkekani pale mpaka jua likageuka, tukala ugali wa unga uleule aliouleta.

Siku ya usaili nilikuwa na roho juu kama mimi ndiye ninayeulizwa. Mgahawani waliweka redio katikati ya meza. Taarifa haikuja siku ile, wala kesho yake. Siku iliyofuata nilikwenda Segera kununua machungwa ya jumla, kwa kuwa pale yanashushwa yakiwa bado na umande. Basi la Dar linaloelekea Tanga likasimama njia panda, na Kocha akashuka na begi lake dogo, anatafuta gari la kumleta Korogwe. Alikuwa amevaa koti ambalo sikuwahi kuliona. Nilimwita, akaja akasimama kivulini mwa meza ya muuza korosho.

"Tukupe hongera au pole?"

"Wamenipa," akasema. "Nimekataa. Watatangaza mwingine leo."

Hasira zilinipanda, sitaficha. Nilimuuliza ile safari ya Handeni ilikuwa ya nini, na yule mama alimfungulia moyo wa nini, kama mwisho wake ni kuja kukataa. Nikamuuliza kama alipunguza maneno.

"Sikupunguza. Niliwaambia yote. Glovu, sharti, mipira miwili, nilichomjibu. Chumba chote kilinyamaza, Mama Mwajuma. Mmoja alikuwa anaandika, akaacha kuandika. Nikasema moyoni, Alhamdulillahi, wamesikia, sasa wakinipa au wakininyima ni sawa."

"Kumbe? Na wamekupa. Si ndivyo alivyosema mama, wakiyasikia na bado wakakupa, pokea?"

"Hawakuyasikia." Utingo alikuwa anaita watu wa Korogwe, naye hakugeuka. "Mwenyekiti wao alivua miwani, akaipangusa, akaniuliza, 'Na hiyo mechi, Kocha, mlishinda?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia tulishinda."

"Halafu?"

"Wote wakanipa hongera."